Kompyuta ya ndege ikiganda angani je?

Mdogo wangu, unasema tangu upande ndege Mwanza kwenda Dar hulali ukiwaza: kama kompyuta ndiyo inayoirusha, ikiganda kama simu yako itakuwaje?

Kwanza, si kompyuta moja. Airbus A320, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1988, ina kompyuta 7 za kuongoza mabawa na mkia tu. Rubani akisogeza usukani, ishara ya umeme huenda kwenye kompyuta, nayo huamuru mitambo ya haidroliki (inayosukumwa na kimiminika chenye shinikizo) isogeze vibao vya bawa. Moja ikizimika, nyingine hushika. Tena kwa makusudi zimetengenezwa za aina tofauti, zenye programu tofauti, ili kosa la moja lisizikumbe zote. Mvuvi wa Kirumba, hapo Mwanza, ana injini, lakini kasia haachi nyumbani.

Mimi ningehofia zaidi macho ya kompyuta kuliko kompyuta yenyewe. Kasi hupimwa kwa mirija midogo karibu na pua ya ndege, inayopokea msukumo wa hewa. Mrija ukizibwa na barafu au mdudu, kompyuta inalishwa uongo. Ndiyo maana mirija huwa zaidi ya mmoja, hupashwa joto ndege ikiruka, na ikiegeshwa muda mrefu hufunikwa. (Wale wadudu wanaotanda ziwani kama moshi unawajua!)

Safari ijayo omba kiti cha dirishani, nyuma ya bawa. Mkiwa juu ya ziwa mkikaribia kutua Mwanza, tazama vile vibao vinavyochezacheza: kama ndege ni ya aina ya A320, hapo kompyuta zinafanya kazi.