Namba isomekayo pande zote mbili

Swali: Namba 12345678987654321 ikigeuzwa nyuma mbele haibadiliki. Je, ni namba tasa?

Jibu: Hapana. Jumlisha tarakimu zake, utapata 81, hivyo inagawanyika kwa 9. Uzuri wake hasa ni kwamba ni 111111111 ikizidishwa kwa yenyewe. Na kwa kuwa 111111111 ni 9 × 37 × 333667, namba yako ni 3⁴ × 37² × 333667², yenye vigawo 45.

Ukizidisha kwa yenyewe 1111111111, yenye tarakimu 1 mara kumi badala ya mara tisa, mpangilio unavunjika: safu ya katikati inafika 10, unalazimika kubeba, na jibu ni 1234567900987654321.

Usihakiki kwa programu ya majedwali. Nyingi hutunza tarakimu 15 tu, kwa hiyo mbili za mwisho zitageuka sifuri. Zidisha kwa mkono.