Sauti Inayozaliwa na Mwendo

SWALI: Ndugu Mhariri, katika maonyesho yetu ya dansi ya majaribio wachezaji hufunga vihisi, yaani vifaa vinavyopima mwendo, mikononi ili mwendo wao uzae muziki papo hapo. Hata hivyo, baada ya onyesho watazamaji hutuuliza kama muziki ule ulikuwa umerekodiwa. Tunakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, nadhani sauti yenu hainyamazi. Mlio usiokatika hauwezi kumwonyesha mtazamaji kilichouzaa. Wekeni katika programu yenu kiwango cha kasi ambacho chini yake kihisi hakitoi sauti yoyote, kisha mchezaji mmoja ainue mkono polepole, kimya kabisa, na aushushe kwa ghafla ndipo mlio utoke. Hapo hata mgeni wa mitambo atatambua chanzo chake.

Jambo la pili ni mazoezi, na hapa ndipo vikundi vingi hujipunja. Mwaka 1932, katika ukumbi wa Carnegie Hall jijini New York, mvumbuzi wa ala za umeme Leon Theremin alionyesha terpsitone, jukwaa lililobadilisha sauti kwa kufuata mwili uliokuwa juu yake. Aliyelicheza alikuwa Clara Rockmore, mwanamuziki aliyefunzwa fidla tangu utotoni, kwa maana kuushika mwili wote katika noti moja kunadai sikio lililonolewa. Basi mchezaji wenu apewe kihisi kimoja tu, akae nacho kwa majuma kadhaa kama mtu anayejifunza ala, kabla ya kuongezewa cha pili.

Kama mnatumia pia kamera, kumbukeni kwamba ile inayopiga picha 30 kwa sekunde huacha takriban milisekunde 33 kati ya picha na picha, hata kabla kompyuta haijaanza kazi yake. Kwa sababu ya ucheleweshaji huo, ipeni kamera sauti ndefu za kuvuta, nazo fupi za kudunda ziachieni vihisi vya mkononi.

Ipo pia njia nyingine, ambayo naiheshimu sana. Mwaka 1965 mtunzi wa muziki John Cage na mbunifu wa dansi Merce Cunningham waliwapitisha wachezaji kati ya antena na vihisi vya mwanga, huku wanamuziki wakiongoza redio na mashine za kanda, hivyo kwamba sauti haikuwa mali ya upande mmoja. Mkiichagua njia hiyo, waleteni wanamuziki jukwaani, mahali ambapo mikono yao inaonekana.