Ukuta unatoa unga kwa chini? Usikimbilie rangi, anza na nje ya nyumba

Kama ukuta wako unaliwa kwa chini, yaani rangi inavimba, inabanduka, nyuma yake kuna unga mweupe unaomwagika kila ukifagia, halafu masika ikifika hali inakuwa mbaya zaidi, basi kaa hapa tuongee. Nyumba ninayoishi huku Tegeta niliinunua ikiwa imeshajengwa na hilo tatizo lilikuwemo ndani, limefichwa vizuri tu na rangi mpya. Nimepambana nalo mpaka likaisha, na baadaye nikasimamia msingi wa mdogo wangu kule Kigamboni, kwa hiyo nimeliona pande zote mbili, la kutibu na la kuzuia, na ntakwambia mapema kwamba kuzuia ni hela ya kawaida ila kutibu utalia.

Kinachotokea ni hivi. Ardhi ina maji hata kama juu unaona vumbi, na huku ukanda wa pwani sehemu nyingi maji yako karibu sana, ukichimba shimo la choo mita chache tu unayakuta. Tofali za mchanga na simenti zina vitundu vidogo vidogo ambavyo hata macho hayaoni, na maji yanapanda kupitia humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, hayahitaji kusukumwa na kitu. Yakifika juu ya usawa wa sakafu yanakutana na hewa yanakauka, lakini chumvi yaliyoibeba kutoka kwenye udongo haikauki, inabaki pale ndani ya plasta, na ikiwa nyingi inaganda na kuivunja plasta kwa ndani. Ule unga mweupe ndo huo. Na kama aliyejenga alitumia mchanga wa ufukweni, ambao watu bado wanauchota usiku kwa sababu ni rahisi, basi ukuta ulizaliwa na chumvi yake kabla hata maji hayajapanda.

Sasa ukimuita fundi, wengi watakwambia sentensi moja. Wa kwangu aliangalia ukuta dakika mbili akasema, "Dada, hapa tunakwangua, tunapiga puti, tunamalizia na rangi ya mafuta, imeisha hiyo." Haijaisha. Rangi ya mafuta inafunga uso wa ukuta, maji yaliyokuwa yanatokea chini pale usawa wa nusu mita yanakosa pa kutokea yanaendelea kupanda, na baada ya muda unakuta doa lilikuwa kwenye magoti sasa liko kiunoni. Majirani wengine wanabandika tailizi ukutani ili wasione, nalo ni hivyo hivyo, unaficha tu, halafu maji yanatokezea juu ya tailizi au upande wa pili wa ukuta chumbani.

Kabla hujatoa hela yoyote hakikisha kwanza kwamba ni maji ya chini kweli, maana unyevu una vyanzo vingi na kila kimoja kina dawa yake. Maji yanayopanda kutoka ardhini kwa kawaida hayazidi mita moja au moja na nusu, na alama yake inaenda kama mstari kwenye kuta nyingi, siyo doa moja. Ukiona doa liko juu karibu na dari hilo ni bati au gata. Likiwa sehemu moja tu tena karibu na bafu au jiko, shuku bomba: funga koki zote za ndani usiku, soma mita ya maji, asubuhi soma tena kabla hujafungua kitu, kama namba imetembea kuna bomba linavuja. Angalia pia kale kapaipu ka AC kanamwaga wapi, nimeona nyumba ukuta mzima umeoza kwa sababu ya AC ya chumbani inayodondoshea maji kwenye kona ileile mwaka mzima. Na shimo la maji taka, kama liko jirani na msingi na linajaa, nalo linalowesha ukuta tena kwa maji yenye chumvi mbaya kuliko ya udongo wenyewe.

Kuna kipimo kingine cha bure. Chukua kipande cha nailoni nyeupe inayoonyesha, kibandike ukutani au sakafuni kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa, kiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa nyuma, ule unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakitokea upande wa mbele, hiyo ni hewa yenye unyevu inagusa sehemu ya baridi, na hapo dawa yako ni kufungua madirisha na feni, huhitaji kubomoa chochote. Hii inasaidia sana kwenye sakafu za tailizi ambazo masika zinalowa watu wanadhani maji yanatoka chini.

Haya, umejua ni ya chini. Swali linalofuata kila mtu analikimbilia ni "je, nyumba ina DPC?" yaani ile nailoni nyeusi inayolazwa juu ya tofali za msingi kabla ya kupandisha ukuta ili maji yasivuke. Wengi wanasema mafundi hawakuweka, na wakati mwingine kweli mafundi maiko hawaweki. Lakini kwangu ilikuwepo! Nilichimbua kona moja nje nikaiona imelala pale vizuri kabisa, tatizo ilikuwa imezikwa. Mtaa wetu greda likipita kila mwaka linaongeza kifusi barabarani, barabara ikapanda, nyumba zikabaki chini, maji ya mvua yakawa yanaingia uani, basi mwenye nyumba wa kwanza akamwaga moramu kuinua uwanja halafu akaweka pevingi juu yake. Uwanja ukapita usawa wa DPC. Maji sasa hayana haja ya kupita kwenye nailoni, yanaingia ukutani kwa ubavu juu yake, ni kama haipo.

Hii ndo sababu kubwa ninayoiona kwenye nyumba za mjini na watu hawaisemi sana kwa sababu pevingi inapendeza na imegharimu. Usawa wa ardhi nje, iwe udongo, zege au pevingi, unatakiwa uwe chini ya DPC kwa sentimita 15 hivi, kwa sababu hata matone ya mvua yanayoruka kutoka chini yanalowesha ukuta. Kitu kingine kinachofanya kazi hiyohiyo ni plasta ya nje iliyoshushwa mpaka kwenye udongo, inakuwa daraja la maji kupita mbele ya nailoni. Na bustani: maua yaliyopandwa yamegusa ukuta, udongo umerundikwa, unamwagilia kila jioni. Unaulowesha ukuta mwenyewe halafu unamlaumu fundi.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa nje. Tulitoa pevingi upana wa kama mita moja kuzunguka nyumba, tukashusha udongo mpaka nailoni ikaonekana, tukakata plasta ya nje iishie juu ya nailoni, ukuta wa msingi ukapakwa lami ya kuzuia maji, tukajaza kokoto kwenye mfereji uliobaki na kulaza humo bomba lenye matundu linalopeleka maji mpaka kwenye shimo la kunyonya lililo mbali na nyumba. Pevingi iliyobaki tukaipa mteremko wa kutoka kwenye ukuta. Na gata, jamani, gata. Bati la nyumba ya kawaida mvua moja kubwa linashusha maji maelfu ya lita na ukiwa huna gata yote yanaanguka mguuni mwa msingi. Ukiweka gata na ukaelekeza maji kwenye tenki umepata na maji ya kufulia.

Baada ya hapo ndani usifanye kitu kwanza. Najua inauma kukaa na ukuta mbovu wageni wanaona, ila acha ukauke. Mafundi wa Uingereza wana kanuni yao kwamba ukuta uliolowa unakauka kama mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, ukuta wa tofali za inchi sita hapo ni kama nusu mwaka, na ingawa joto la Dar linaharakisha, masika na vuli yanarudisha nyuma. Kinachosaidia ni kubandua plasta iliyooza mapema ili tofali zipumue, na bandua zaidi ya pale unapoona doa, panda sentimita 30 au zaidi juu ya mstari wa mwisho wa chumvi. Hiyo plasta ya zamani lazima iondoke hata kama maji umeshayazuia, kwa sababu chumvi iliyomo inanyonya unyevu kutoka hewani, na hewa yetu huku pwani unaijua, kwa hiyo ukuta utaendelea kuonekana umelowa wakati chini pamekauka. Unga ukitokea kwenye tofali fagia kwa brashi kavu, usioshe, ukiosha unaurudisha ndani.

Kwenye kupiga plasta mpya nasisitiza kitu kimoja: kwa ile mita ya chini usiruhusu jipsamu. Najua inalainisha ukuta vizuri na ni bei poa, lakini jipsamu na unyevu haviendi pamoja, inalainika na kumomonyoka. Tumia puti ya simenti na rangi ya maji inayoruhusu ukuta kupumua, rangi ya mafuta peleka kwenye mageti.

Kama nyumba kweli haina DPC kabisa, kuna njia ya kuchoma sindano: fundi anatoboa matundu ya milimita 12 kwenye mstari wa chini wa ukuta, moja kila sentimita 12 hivi, anajaza dawa ya krimu yenye silikoni inayosambaa kwenye tofali na kulizuia kunyonya maji. Inafanya kazi kama ukuta una chanzo cha chini tu na matundu yametobolewa vizuri, ila kama nje bado kuna pevingi iliyopanda, umechoma hela. Mimi sikuihitaji.

Nyumba za zamani za mawe kule Mji Mkongwe wa Zanzibar zina hadithi tofauti kidogo. Kuta zile nene za mawe ya matumbawe zilipigwa chokaa, na chokaa inaacha unyevu utoke, ukuta unalowa na kukauka miaka nenda rudi bila kufa. Watu walipoanza kuzikarabati kwa plasta ya simenti wakaona kuta zinaanza kubomoka kwa ndani, maana simenti inafungia maji humo. Ukirithi nyumba ya namna hiyo tafuta fundi wa chokaa, wa simenti mwache ajenge maduka.

Kwa anayeanza msingi sasa hivi, kama mdogo wangu, ukweli ni kwamba mambo ni machache ila lazima uwepo saiti siku hizo. Kifusi kishindiliwe, mawe, juu yake mchanga laini kidogo ili mawe yasitoboe, halafu nailoni nzito ya geji 1000 (geji ni kipimo cha unene wake) itandazwe eneo lote chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, maungio yapitane sentimita 30 na yabandikwe, kingo zipande zikutane na DPC ya ukutani pasibaki pengo. Mapengo ya pembeni ndo yanayoangusha watu, katikati pako safi halafu maji yanapanda kwenye kona. Kigamboni ilibidi tupoteze nusu siku kubadilisha nailoni kwa sababu vijana wa zege walikuwa wanapita juu yake na toroli na makoleo, imejaa matobo, na fundi anasema "hayo madogo." Msingi wenyewe tukauinua kuliko majirani, kwa kukadiria kwamba siku moja barabara itapanda na kule.

Makabati ya kujengea ukutani yasubiri mpaka ukauke kabisa, na hata hapo acha nafasi nyuma hewa ipite, maana mbao za kubandika zikinyonya zinavimba na mchwa wanapenda sana sehemu yenye unyevu. Na kama ndani mna mtoto mwenye pumu usisubiri chochote, mhamishe chumba kisicho na ukungu leo, kwa sababu Shirika la Afya Duniani tangu 2009 lina mwongozo unaohusisha unyevu na ukungu wa ndani na matatizo ya kifua, na ule ukungu mweusi nyuma ya kitanda hauondoki kwa kufuta na jiki wakati ukuta bado unalowa.