Gharama zilizojitokeza na gharama zilizosababishwa

SWALI

Wakili, asalaam aleikum. Nina duka la vigae Kongowea, Mombasa. Mwezi uliopita nilileta kontena moja la futi 20. Hati zote nilimkabidhi wakala wa forodha tarehe 1, na meli ikateremsha kontena tarehe 3, lakini yeye akaingiza entri, yaani tamko la mzigo kwa forodha, tarehe 9. Aliniambia kiasi cha ushuru tarehe 10, nami nikalipa tarehe 12. Kukawa na ukaguzi wa siku tatu. Kontena lilitoka bandarini tarehe 18 na tukapakua siku hiyo hiyo, lakini lori, ambalo alilikodi yeye mwenyewe, likarudisha kontena tupu depo tarehe 23. Siku saba za mwanzo zilikuwa za bure. Zilizobaki, siku 14, wenye meli wametoza dimareji, yaani tozo la kuchelewesha kontena lao, dola 40 kwa siku. Sasa nimeletewa bili: dimareji, storeji ya bandari, "gharama nyinginezo" Sh18,000, malipo ya kazi yake, na VAT ya asilimia 16 juu ya jumla yote. Karatasi niliyotia sahihi inasema: "Mteja atalipa gharama zote zitakazojitokeza hadi mzigo kumfikia." Je, lazima nilipe zote? Na mteja wangu wa Bamburi aliyechoka kungoja akanunua kwingine, hasara hiyo ni ya nani?

JIBU

Wa aleikum salaam, dada. Bili yako nimeipitia kwa kalamu, siku baada ya siku. Katika dola 560 za dimareji, zako ni 160. Nitakuonyesha nilivyofika hapo, maana hesabu hiyo ndiyo utakayoihitaji ukikaa na wakala wako.

Kwanza, una mikataba miwili mkononi, na kila mmoja una wenyewe. Wa kwanza ni hati ya shehena, baina yako na wenye meli. Hati hizi kwa kawaida husema kwamba mtumaji, mpokeaji na yeyote anayeishika hati wanawajibika kwa dimareji, wote kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Mwenye meli hana haja ya kujua nani alilala. Kontena lake limechelewa, wewe ndiwe mpokeaji, basi anakudai wewe. Ukimwambia "ni wakala wangu" hutafika mbali. Mkataba wa pili ni wako na wakala, na huo ndio mlango wa kurudishiwa pesa. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wanaofika ofisini kwangu hudhani kwamba aliyelipa kwanza ndiye aliyekubali kubeba. Sivyo. Nani atangulize pesa ni swali moja, nani abaki na mzigo ni swali jingine.

Tenganisha pia storeji na dimareji. Storeji hutozwa na bandari kwa nafasi iliyokaliwa, nayo husimama kontena linapopita geti. Dimareji ni ya mwenye kontena, na kwa bili yako imeendelea hadi kontena tupu lilipopokewa depo. Kwa hiyo kuchelewa kwa lori hakukuongeza storeji hata senti moja.

Sasa kifungu chenyewe, ambacho wakala atakuonyesha kwa kidole. Soma tena: gharama "zitakazojitokeza". Kinachojitokeza ni kile ambacho hakuna kati yenu aliyekileta: ukaguzi, foleni ya kupakia, mvua. Siku sita ambazo hati zako zililala juu ya meza ya wakala baada ya kontena kuteremshwa hazikujitokeza, zilisababishwa. Mahakama haitaamua kwa sarufi peke yake, lakini kanuni iko upande wako. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inafuata kanuni za mikataba za Uingereza, na kwa kanuni hizo wakala ana haki ya kurudishiwa alichotumia katika kazi ya aliyemtuma, ila si kile kilichotokana na uzembe wake mwenyewe. Mtu akitaka mwenzake amlipie uzembe wake, sharti maneno yaseme hivyo waziwazi. Neno "zote" peke yake ni jepesi mno kubeba uzito huo.

Kisha tazama mwisho wa kifungu: "hadi mzigo kumfikia". Mzigo ulikufikia tarehe 18. Kurudisha kontena tupu kulikuja baadaye, nje ya maneno ambayo wakala aliyaandika mwenyewe. Na maneno yenye utata husomwa dhidi ya aliyeyaandika.

Tuje kwenye hesabu, na hapa ndipo watu hukosea. Wakala atasema: "Mimi nilichelewa kati ya tarehe 3 na 9, na hizo zilikuwa siku za bure, kwa hiyo sikukugharimu kitu." Usikubali. Siku za bure ni mali yako, uliziweka akiba kwa ajili ya ukaguzi na foleni. Yeye alizila karibu zote, na njaa ikaonekana baadaye. Swali sahihi ni hili: kama asingechelewa, kontena lingerudi lini? Angeingiza entri tarehe 3, kila kitu kingetangulia kwa siku sita. Hizo ni dola 240, zake. Lori lingeweza kurudisha kontena tarehe 19, likarudisha 23: siku nne, dola 160. Kwa kuwa lori alilikodi yeye, kwako anajibu yeye, kisha amfuate mwenye lori kwa mkataba wao. Wewe ulichelewesha ushuru kwa siku mbili, dola 80, na hizo zikubali mapema bila kuvutana, maana ukikiri lako utaaminiwa ukidai la mwenzako. Zinabaki siku mbili, dola 80, ambazo zingekuwepo hata kama kila mtu angefanya kazi yake barabara. Hizo ndizo zilizojitokeza, nazo ni zako kwa mujibu wa kifungu. Storeji igawe kwa njia hiyo hiyo, ukisimama tarehe 18.

Kuna jambo moja lingeweza kubadilisha hesabu hii. Uliza kwa nini mzigo ulikaguliwa. Ikiwa ni kwa sababu thamani au aina ya bidhaa iliandikwa vibaya kwenye entri wakati hati zako zilikuwa sawa, basi hata siku za ukaguzi zinamrudia aliyeandika.

Dola aligeuza kwa kiwango gani? Januari 2024 shilingi ilikuwa karibu 160 kwa dola, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imerudi karibu 130. Tofauti ya shilingi 30 kwa dola 560 ni Sh16,800, na hizo huweza kupotea ndani ya bili bila mtu kuona. Dai uthibitisho wa malipo na kiwango cha benki cha siku aliyolipa, si cha siku aliyoandika bili.

"Gharama nyinginezo" usilipe mpaka zipate majina. Gharama ya kurudishiana huenda na risiti ya aliyelipwa. Isiyo na risiti ni faida iliyovaa kanzu ya gharama. VAT nayo imewekwa vibaya. Sheria ya VAT ya 2013, kifungu cha 13, inatoa nafasi ya kuondoa kwenye thamani inayotozwa kodi pesa ambazo mtoa huduma amemlipia mteja wake kwa mtu wa tatu, akiwa wakala tu. Asilimia 16 inastahili juu ya malipo ya kazi yake. Juu ya dimareji na storeji alizokulipia tu, hapana, na kama bili ya aliyelipwa tayari ilikuwa na VAT ndani yake, unatozwa mara mbili.

Mteja wa Bamburi ni habari ngumu zaidi, na sitaki kukupa tumaini la bure. Kanuni ni ya kesi ya Uingereza ya 1854, Hadley na Baxendale. Mhimili wa kinu cha Gloucester ulivunjika, wenye kinu wakampa mchukuzi aupeleke kwa mafundi, akachelewa, na kinu kikasimama. Mahakama ilikataa kumtwisha mchukuzi faida iliyopotea, kwa kuwa hakuelezwa kwamba bila mhimili ule kinu kizima kingelala. Hasara inayodaiwa ni ile inayotokana na uvunjaji kwa kawaida yake, au ile ambayo pande zote mbili ziliiona walipokuwa wakipatana. Kwa hiyo fungua simu yako utafute ujumbe wa kabla ya kumpa kazi, unaotaja kwamba kuna mteja anayengoja vigae hadi tarehe fulani. Ukiupata, una hoja. Ukikuta ulimlalamikia tarehe 14, alipokuwa amekwisha kuchelewa, haukusaidii.

La kufanya wiki hii: lipa ile sehemu usiyoibishia, na umwandikie kwamba iliyobaki unaipinga, ukiambatisha jedwali la siku. Akikushikia hati za mzigo mwingine mpaka ulipe yote, lipa huku ukiandika "nalipa bila kukubali", uokoe mzigo, kisha udai. Ukiuacha ulale ili kumkomoa, siku zinazoongezeka zitakuwa zako, kwa sababu anayedai ana wajibu wa kupunguza hasara. Msiposikizana, dai lako linaingia Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kwa sheria ya 2016 husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni na inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Unaweza kwenda mwenyewe bila wakili, na anayeshinda kwa kawaida hurudishiwa gharama za kesi. Madai ya mkataba yana muda wa miaka sita, lakini mafaili ya depo na kumbukumbu za madereva hazikungoji miaka sita.

Kwa kontena lijalo, mwambie akubali maneno haya kabla ya kumpa hati: "Mteja atarudisha gharama zilizolipwa kwa mtu wa tatu kwa kiasi kile kile, kwa risiti halisi. Wakala ataingiza entri ndani ya siku mbili za kazi tangu apokee hati kamili. Dimareji na storeji itabebwa na upande uliosababisha siku husika. Isiyosababishwa na upande wowote itabebwa na mteja. Wakala anawajibika kwa kontena tupu hadi lipokewe depo."

Na karatasi ya depo ya kupokea kontena tupu, ile yenye muhuri, tarehe na saa, omba picha yake jioni ile ile, kabla dereva hajapata safari nyingine.