Kabla Hujanunua Mfuko "Safi", Fungua Orodha ya Hisa

Mjomba aliyenilea alikufa kwa mapafu. Alivuta sigara tangu ujana, na miezi yake ya mwisho nilikuwa namshikia mto mgongoni ili apate pumzi. Kwa hiyo nilipoanza kuweka akiba kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, sharti langu lilikuwa moja: tumbaku hapana. Nikachagua mfuko wenye neno "endelevu" kwenye jina na jani la kijani kwenye jalada. Sikusoma zaidi.

Mwaka wa pili, nikitafuta jambo jingine kabisa, nilifungua ripoti yake. Ukurasa wa kumi na nne, mstari wa saba katika orodha ya hisa: kampuni ya sigara. Nikapiga simu nikidhani ni kosa la uchapaji. Dada aliyepokea alinieleza kwa upole kwamba mfuko ule haukatai sekta yoyote. Unachukua kampuni zenye alama nzuri zaidi za mazingira na jamii ndani ya kila sekta. Kampuni ile inasafisha majitaka yake, ina wanawake kwenye bodi, basi imefaulu kuliko wenzake. Wenzake wauza sigara, yaani.

Ndipo nikaelewa kuwa "uwekezaji unaojali jamii" ni jina moja lenye watoto kadhaa wasiofanana. Mkubwa wao ni kukataa. Mwaka 1758 Waquaker, kundi la Wakristo, wa Philadelphia huko Marekani waliamua kuwachukulia hatua wenzao walionunua na kuuza watumwa. Waislamu wanakwepa riba, pombe na kamari. Mwaka 1971, vita vya Vietnam vikiendelea, Marekani ulianzishwa mfuko wa Pax World kwa ajili ya watu wasiotaka fedha zao ziingie kwenye silaha. Wa pili ni kuchagua walio afadhali, kama mfuko wangu ulivyofanya. Wa tatu, ninayempenda zaidi, ni kubaki ndani na kusumbua. Mwaka 2021 kampuni ndogo ya uwekezaji, Engine No. 1, ikiwa na takriban asilimia 0.02 tu ya hisa za kampuni kubwa ya mafuta ya ExxonMobil, iliwashawishi wanahisa wakubwa hadi wakurugenzi watatu iliowapendekeza wakaingia kwenye bodi.

Kwa hiyo anza na karatasi, si na mfuko. Andika vitu viwili au vitatu ambavyo hutaki kabisa kupata faida kutokana navyo. Ukiandika kumi na tano, hutabakiwa na cha kununua, na utakata tamaa kabla ya mwezi kuisha. Halafu fungua orodha kamili ya hisa, si zile kumi za juu wanazoweka kwenye tangazo, uvitafute humo vitu ulivyoandika kwenye karatasi yako.

Alama nazo zisikulevye. Kampuni ya magari ya Volkswagen ilikuwa bado kwenye orodha ya Dow Jones ya kampuni endelevu Septemba 2015 ilipofichuka kwamba iliweka kwenye magari programu ya kudanganya vipimo vya moshi wa dizeli. Tena alama nyingi hupima jinsi mazingira yanavyoweza kuiumiza faida ya kampuni. Jinsi kampuni inavyoyaumiza mazingira ni hesabu nyingine.

Na uliza ada. Weka 100, soko likue kwa asilimia 7 kila mwaka kwa miaka 20: ada ikiwa asilimia 0.3 kwa mwaka unatoka na kama 366, ikiwa 1.5 unatoka na kama 292. Jani la kijani wakati mwingine ndilo linalolipiwa tofauti hiyo.

Mimi niliuza vipande vyangu vyote. Sehemu kubwa iko kwenye mfuko wa ada ndogo unaokataa tumbaku na silaha kwa maandishi. Kiasi kidogo nimenunulia hisa moja kwa moja, ili nipate kura. Karatasi za mkutano mkuu zimefika juzi. Hoja ya tano ni nyongeza ya mishahara ya wakurugenzi. Nimeshaweka alama kwenye "hapana".