Mstari wa pili unakimbilia chini ya kitone: spesi si dawa

Swali: Kwenye slaidi zangu za PowerPoint, sentensi ndefu ikivunjika, mstari wa pili unaanzia chini ya kitone (bullet) badala ya kukaa chini ya neno la kwanza. Huwa nabonyeza Enter, nafuta kitone kipya, kisha nasukuma maneno kwa spesi. Nikifungua kwenye kompyuta nyingine, yote yanaparaganyika. Nifanyeje?

Jibu: Futa kwanza spesi hizo na kila Enter uliyopiga katikati ya sentensi. Chagua aya zako, fungua dirisha la Paragraph, kwenye Before text weka sentimita 0.63, kwenye Special chagua Hanging, na By nayo iwe 0.63. Basi. Kwa orodha ya namba inayofika 10, panua vipimo vyote viwili hadi sentimita 1 au zaidi. Namba ikikosa nafasi, neno la kwanza hurukia kituo cha tab kinachofuata, yaani mahali pengine mbele ambapo maandishi husimama baada ya tab.

Kinachochosha ni hii imani kwamba spesi ni kipimo. Upana wake hutegemea fonti na ukubwa wa herufi. Kompyuta nyingine isipokuwa na fonti yako huweka ya kwake, na ikiwa pana zaidi, neno la mwisho la mstari wa kwanza linadondoka na kubaki peke yake, huku mstari uliousukuma kwa spesi ukianza chini yake.

Wanaofundisha “bonyeza Tab tu” nao hawasaidii. Tab mwanzoni mwa aya yenye kitone huishusha ngazi, na mara nyingi herufi hupungua; ndipo mtu anaanza kuzikuza kwa mkono, kosa juu ya kosa. Ukitaka tab halisi ndani ya aya hiyo, ni Ctrl+Tab.

Na usirekebishe slaidi moja moja. Nenda View, Slide Master (slaidi mama inayoongoza mpangilio wa slaidi zote), upange kila ngazi hapo mara moja. Lakini masanduku ya maandishi uliyochora mwenyewe hayafuati Slide Master, na violezo (template) vingi vya “kitaalamu” vimejaa masanduku hayo. Kabla ya kukipokea kiolezo cha mtu, fungua Outline View, ambayo haionyeshi maandishi ya masanduku hayo ya kuchora. Maneno yaliyo kwenye slaidi yasipoonekana humo, mrudishie aliyekupa.