Kabla ya Kuuliza Dawa ya Kumbukumbu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limetaka kujua kama mtu ambaye hajafika miaka 50 ana sababu ya kuogopa anapoona anaanza kusahau mambo, na kama anayo, amweleze nani kwanza. Ninajibu nikiwa mfamasia ninayeuza dawa mjini Tanga, ambako swali hilo hunifikia likiwa limekwisha kugeuka ombi: mteja hukaa pembeni mpaka wengine waondoke, kisha husogea na kusema kwa sauti ya chini, "Dokta, hamna dawa ya kufanya kichwa kishike?" Zamani waliouliza hivyo walikuwa wanafunzi waliokaribia mitihani. Siku hizi wengi ni watu wa makamo wenye kazi na familia, walimu, makarani, wafanyabiashara wa sokoni na madereva wa masafa, na mara nyingi huongeza kwamba bibi yao au baba yao mzazi alifikia hatua ya kutomtambua mtu yeyote nyumbani.

Ninaamini wengi wa watu hawa wana tatizo la kweli ambalo si lile wanaloliogopa, na kwamba chanzo chake kingejulikana mapema zaidi kama wangeanza kwa kuchunguza usingizi wao, huzuni yao, damu yao na dawa wanazozimeza tayari, kabla ya kutafuta dawa nyingine ya kuongeza juu yake.

Hofu yenyewe haikuzuka bure. Mgonjwa ambaye daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, alimchunguza na hatimaye ugonjwa ukapewa jina la daktari huyo, hakuwa kikongwe. Auguste Deter alipokelewa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Alifariki mwaka 1906, na mwaka huohuo Alzheimer aliwaeleza madaktari wenzake alichokikuta katika ubongo wake. Kwa miongo mingi baada ya hapo jina hilo lilitumika hasa kwa wagonjwa walioshikwa kabla ya uzee, huku wazee wenye dalili zilezile wakihesabiwa kuwa wamechoka tu kwa umri. Leo dimensia, yaani kundi la magonjwa ya ubongo yanayopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ukiwemo huo wa Alzheimer, inapoanza kabla ya miaka 65 ndipo huitwa ya mapema, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba haizidi asilimia 9 ya wagonjwa wote wa dimensia, ambao duniani wamepita milioni 55. Ndani ya sehemu hiyo ndogo, walio chini ya miaka 50 ni wachache zaidi. Hapa kwetu, utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, miongoni mwa watu wa miaka 70 na kuendelea, ulikuta dimensia kwa kiasi cha watu 6 katika kila 100, maana yake hata katika umri huo wengi hawana.

Kuhusu urithi nitasema machache, kwa kuwa ndio unaowanyima watu usingizi. Zipo familia, na zinazojulikana zaidi ziko katika jimbo la Antioquia nchini Colombia, ambazo jeni moja yenye kasoro hufanya watu waanze kupoteza kumbukumbu wakiwa na miaka arobaini na kitu, na kila mtoto wa mzazi mwenye jeni hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipata. Familia ya namna hiyo hujulikana kwa kuwa na wagonjwa wengi walioanza kuugua wakiwa na umri mdogo, kizazi baada ya kizazi. Bibi mmoja aliyeanza kuchanganya majina ya wajukuu akiwa na miaka 82 hathibitishi jambo la aina hiyo.

Sasa nije kwenye dawa, ambako ndiko kazi yangu iliko. Vidonge vya mafua na mzio vya kizazi cha zamani, ambavyo watu huviita Piriton bila kujali vimetengenezwa na nani, huzuia utendaji wa kemikali ya ubongo iitwayo asetilikolini, ambayo ubongo unaihitaji ili uweze kuweka kumbukumbu mpya. Donepezili, dawa wanayopewa wagonjwa wa Alzheimer, hufanya kinyume chake: huzuia kemikali hiyohiyo isivunjwe haraka, ili kile kidogo kilichobaki kiendelee kufanya kazi. Kwa hiyo mtu anayemeza kidonge cha mafua kila usiku, naye hana mafua bali amegundua kwamba kinamletea usingizi, anausukuma ubongo wake kuelekea upande ambao daktari wa wagonjwa wa kumbukumbu anajitahidi kuwaondoa wagonjwa wake. Amitriptilini, ambayo hutolewa kwa maumivu ya neva na kwa kipandauso, ina tabia hiyohiyo. Diazepamu hufika kwa njia nyingine, lakini humfanya mtu asihifadhi vizuri yale yanayotokea wakati dawa iko mwilini, na wapo wanaoitumia kwa miaka bila cheti cha daktari, jambo ambalo sisi wenye maduka tungeweza kulipunguza kama tungekuwa wakali zaidi na cheti kuliko na faida.

Wenye kisukari wana habari yao peke yao. Metformini ni dawa nzuri na sitaki mtu aiache kwa kusoma barua hii, ila ikitumika kwa miaka inaweza kupunguza vitamini B12 inayofyonzwa kutoka kwenye chakula, na dawa za kupunguza asidi tumboni kama omeprazoli zikitumika muda mrefu huweza kuleta hali hiyohiyo. Upungufu wa B12 huleta ganzi miguuni, uchovu na usahaulifu. Mtu mwenye kisukari akilalamika juu ya mambo hayo, ni rahisi aambiwe kwamba ganzi ni ya sukari, uchovu ni wa kazi na kusahau ni umri, na kila jibu likaonekana la busara, ilhali kipimo kimoja cha damu kingeyaunganisha yote matatu. Upungufu huo hutibika kwa sindano au vidonge, lakini ukiachwa muda mrefu mishipa ya fahamu inaweza kuharibika kiasi cha kutorudi ilivyokuwa, na ndiyo maana sipendi usubiri.

Nionye kwamba hakuna hata moja katika dawa hizi inayopaswa kuachwa ghafla bila ushauri. Diazepamu iliyotumika muda mrefu, ikikatizwa siku moja, inaweza kumwangusha mtu kifafa.

Vipi basi zile dawa za kumbukumbu zenyewe, ambazo nazo zimo rafuni mwangu? Nyingi zina majani ya mti wa ginkgo. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowafuatilia kwa miaka kadhaa wazee zaidi ya 3,000, wengine wakimeza ginkgo mara mbili kwa siku na wengine kidonge kisicho na dawa. Ginkgo haikupunguza idadi ya waliopata dimensia. Mteja akiniuliza, mimi humwambia hivyo, na wengi hununua hivyohivyo, kwa sababu wamekuja kununua matumaini na mimi nimewapa takwimu.

Nje ya dawa, chanzo ninachokisikia zaidi ni usingizi. Kumbukumbu za mchana hupangwa na kuimarishwa tukiwa tumelala, na mtu anayelala kwa muda wa saa nne tu kwa sababu ya zamu, mtoto mchanga au simu, hupungukiwa na muda wa kazi hiyo. Mbaya zaidi ni yule anayelala kwa muda wa saa nane bila kupumzika kwa kuwa pumzi yake hukatika mara nyingi usiku. Yeye hajui, bali anayelala karibu naye anajua, kwani husikia mkoromo ukikatika, kimya, kisha mshtuko wa kuvuta hewa. Hali hiyo inatibika na inahitaji daktari.

Sonona ni chanzo kingine, na huwapotosha hata wataalamu, kwa sababu mtu mzima mwenye huzuni ya muda mrefu huenda asilie wala asiseme ana huzuni. Husema hawezi kutulia, hasomi akamaliza ukurasa, na anasahau alichoambiwa asubuhi. Hapo kumbukumbu haijapotea, kwa maana jambo halikupata kuingia kichwani tangu mwanzo. Wanawake walio kati ya miaka 45 na 55, hedhi inapoelekea kukoma, hukutana na usahaulifu ambao huenda pamoja na joto la ghafla na kukosa usingizi, na kwa walio wengi hutulia baadaye. Tezi ya thiroidi iliyoko shingoni ikizembea, akili nayo huwa nzito. Upungufu wa damu na pombe ya kila jioni havihitaji maelezo marefu. Virusi vya UKIMWI visivyotibiwa na kaswende iliyokaa mwilini kwa miaka huweza kufika kwenye ubongo, na kwa kuwa vyote viwili hupimwa hata katika vituo vidogo vya afya, sioni sababu ya kuviacha kwa aibu. Kwa vijana wa bodaboda niongeze pigo la kichwa: aliyeanguka bila helmeti, akazimia, kisha miezi baadaye akawa msahaulifu na mwepesi wa hasira, amwambie daktari habari za ajali hiyo, hata kama jeraha la nje lilipona zamani.

Madaktari wanaoshughulika na kumbukumbu wamegundua jambo ambalo ningependa kila msomaji mwenye hofu alijue. Mgonjwa wa dimensia mara nyingi huletwa na mtu mwingine, na akiulizwa swali, hata la kawaida kama ameamkaje au alikula nini jana, humgeukia aliyemleta ili amjibie. Mtu anayekuja peke yake, akaeleza kwa tarehe na mahali kila kitu alichokisahau tangu mwezi uliopita, ametoa ushahidi kwamba kumbukumbu yake inafanya kazi. Wapo watu ambao vipimo huwakuta wako sawa kabisa, ila wamejichunga mno kila wanaposahau, hata kule kujichunga kwenyewe kunawala umakini ambao wangeutumia kukumbuka. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hana kitu si kumsaidia, kwa sababu ana kitu: ana hofu iliyogeuka maradhi, nayo ina tiba yake kwa wanasaikolojia.

Wa kuharakishwa ni wengine. Ni yule aliyepotea katika njia anayoipita kila siku, au anayeuliza swali lilelile mara tatu katika saa moja bila kujua ameuliza, au mhasibu ambaye hesabu za miaka yote sasa zinamshinda, au anayekosa majina ya vitu vya kawaida kama kijiko na ufunguo. Ni yule pia ambaye kumbukumbu yake iko sawa lakini tabia imebadilika: mpole amekuwa mtukutu, mwenye kubana matumizi anagawa fedha ovyo, mwenye haya anatamka maneno ya aibu mbele za wakwe. Dimensia inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo huwashika zaidi walio chini ya miaka 65, na kwetu hudhaniwa kuwa ni kurogwa au ulevi wa mapenzi ya nje, hivyo familia ikapoteza miaka kwa waganga na katika vikao vya usuluhishi. Na aliyeanza kuchanganyikiwa ndani ya siku chache, akiwa na homa, maumivu makali ya kichwa au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Umri wa miaka 40 una faida yake katika shauri hili. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la kitabibu la The Lancet lilitaja mambo 14, miongoni mwake shinikizo la damu, kisukari, lehemu (mafuta mabaya katika damu), uvutaji wa sigara, majeraha ya kichwa, upweke na kupungua kwa uwezo wa kusikia, likakadiria kwamba yakidhibitiwa, karibu nusu ya visa vya dimensia vingezuilika au kuchelewa. Mengi kati ya hayo hufanya uharibifu wake katika umri wa kati, na shinikizo la damu la mtu wa miaka 42 hupimwa kwa dakika tano.

Imebaki sehemu ya pili ya swali lenu, ya nani aelezwe kwanza. Mimi ningeanza na mtu ninayeishi naye, lakini nisingemuuliza kama nimekuwa msahaulifu, kwa kuwa kwa adabu atakataa au atanitania. Ningemuuliza ni kazi gani ya nyumbani au ya fedha ambayo mwaka jana niliifanya mimi na sasa anaifanya yeye, na kwa nini aliichukua. Kisha ningekwenda naye kwa daktari, nikiwa na mfuko wenye kila ninachomeza, pamoja na mitishamba na vile vidonge vya kuomba kwa jirani, na ningeomba nipimwe shinikizo, sukari, wingi wa damu, thiroidi, B12, virusi vya UKIMWI na kaswende. Picha ya kichwa ije baadaye, daktari akiona sababu yake; kwa bei yake, na kwa jinsi picha safi inavyoweza kumrudisha mtu nyumbani ametulia hali thiroidi yake haijapimwa, sioni kwa nini iwe ya kwanza.

Msomaji wenu,
Mfamasia, Tanga